Sikukuu Haiji kwa Kuvizia

Kila mwaka, linapoingia kumi la mwisho la mwezi mtukufu wa Ramadhani, katika zile siku ambazo waumini wamehimizwa wazidishe ibada na wakeshe wakiutafuta usiku wa Lailatul Qadri, hutokea hapa Unguja jambo ambalo macho yangu yamekataa kulizoea. Njia za Darajani na Mchangani hufurika watu tangu baada ya tarawehe hata karibu ya daku, akina mama wakiwa wamewashika watoto mikono na akina baba wakiwa wamesimama kando ya milango ya maduka wameinamia simu zao. Na wengi katika hao walioinamia simu hawasomi salamu za jamaa wala hawatafuti habari za mwandamo, wanaomba mkopo. Mtu hubonyeza, hungoja, hubonyeza tena, kisha uso wake hukunjuka pale ujumbe unapoingia kumwambia kwamba ombi lake limekubaliwa, na kabla robo saa haijapita fedha zile zimekwisha geuka viatu vya mtoto mmoja na kanzu ya mwingine, na yeye amebakiwa na tarehe ya kulipa.

Wala hayo si ya Unguja peke yake. Atakayepita Kariakoo mjini Dar es Salaam, au Ngamiani kule Tanga, au Mtaa wa Biashara mjini Mombasa katika usiku kama huo, atayaona yale yale; na atakayefika kituo cha mabasi cha Mbezi katika wiki ya tatu ya Disemba, wakati ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaporejea kwao kula Krismasi, atakutana na watu waliokopa nauli ya kwendea, nao hawajui bado watapata wapi nauli ya kurudia. Dini ni mbili na kalenda ni mbili, lakini deni ni la sura moja.

Rai yangu naitoa mapema, ili msomaji ajue anakopelekwa. Naona kwamba deni la sikukuu ni deni lisilo na udhuru. Maradhi hayana miadi, mauti hayana miadi, na upepo wa kusi hauagani na mwenye paa. Ukimkuta mtu amekopa kwa mojawapo ya hayo, msaidie kwa ulichonacho na umwombee kwa usichonacho. Lakini Shawali haijapata hata mara moja kuacha kuifuata Ramadhani, wala Krismasi haijapata kuhama tarehe 25 Disemba, na mtu anayekwenda kukopa kwa ajili ya siku aliyoijua tangu mwaka uliopita amepungukiwa na tadbiri kabla hajapungukiwa na fedha. Naongeza la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza: sehemu kubwa ya kile tunachokikopea hakimo katika sikukuu yenyewe, kimo katika macho ya jirani. Sisemi haya kwa kuwadharau wanyonge. Nayasema kwa kuwa mnyonge ndiye anayeilipa ghali zaidi fakhari ambayo hakuianzisha.

Tulichoamrishwa na tulichojitwika

Inafaa kwanza tupambanue baina ya faradhi na ada, maana mtu asiyepambanua hayo huichukua gharama ya ada akaitia katika daftari ya dini, kisha akaona haya kuipunguza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani hii, linalomlazimu mkuu wa nyumba kwa Idd ya kufungulia ni zaka ya fitri, nayo ni pishi moja ya chakula kikuu cha mji kwa kila kichwa anachokilisha. Na pishi ni vibaba vinne, yaani kilo mbili na nusu hadi tatu hivi za mchele kwa watu wa siku hizi wanaopima kwa kilo. Nyumba ya watu sita hutoa pishi sita, na hutolewa kabla ya kusaliwa Idd, ili maskini naye asiamke siku hiyo akinyoosha mkono. Tena, asiyekuwa na ziada juu ya chakula cha nyumba yake cha siku ile na usiku wake, hakulazimishwa hata hiyo. Baada ya hapo ni kuoga, kuvaa nguo iliyo bora katika zile alizonazo mtu, kujitia manukato, kula kitu kidogo kabla ya kutoka, kwenda kusali na kuwazuru jamaa.

Ikifika Idd ya Kuchinja, udhhiya ni sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo, na ng'ombe mmoja huwatosha watu saba kushirikiana. Nami nauliza: dini iliyomkubalia mtu atoe fungu moja katika mafungu saba ya ng'ombe, je, ndiyo iliyomwamrisha abadilishe mapazia?

Maana hayo ya mapazia tumejitwika wenyewe. Sikukuu yetu ya visiwani ni ya siku nne, tangu mosi hata nne, na kwa muda mrefu mtoto alivaa nguo mpya siku ya mosi, akaivaa tena siku ya pili ikiwa imepigwa pasi, na hakuna aliyemcheka. Siku hizi yapo majumba ambamo mtoto asiye na nguo ya kila siku huonekana yatima ilhali wazazi wake wote wawili wangali hai. Imekuja na sare, ya baba na mama na watoto kushonewa kitambaa kimoja ili picha itoke vizuri, na picha yenyewe huwekwa kwenye WhatsApp kabla ya sahani haijapoa. Kuta zapakwa rangi, zulia labadilishwa, mito ya makochi yavishwa upya, seti ya vikombe yanunuliwa kwa kuwa ile ya mwaka jana wageni wamekwisha kuiona. Vileja na visheti, ambavyo mabibi zetu walivikaanga na kuvioka uani kwa siku mbili tatu, wajukuu wakivipanga katika makopo, sasa hununuliwa vimekwisha pakiwa, na bei yake ni ya kununulia unga wa kuwatosha majirani.

Sizilaumu nguo mpya. Furaha ya mtoto anapoamka alfajiri akaikuta kanzu yake imetundikwa nyuma ya mlango ni neema, na mwenye uwezo wa kuinunua na asiinunue amemnyima mtoto wake haki. Ninachokataa ni ule mzani mpya ambao kwao kilicho cha lazima hupimwa kwa kutazama ukumbi wa mwenzio. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na mikono haikuumbwa ikawa mirefu kwa sababu jirani kajikuna mgongo.

Safari ya deni

Watu hudhani kwamba sikukuu hutumia fedha siku nne, nao wamekosea hesabu. Gharama yake huanza katika mwezi wa Shaaban, kwenye vunja jungu, ambayo zamani ilikuwa ni mlo wa kuagana na mchana na sasa imekuwa safari ya ufukweni yenye basi la kukodi. Kisha huingia mwezi wa kufunga wenyewe, na nyumba ambayo mchana haikupika hutumia jioni zaidi kuliko ilivyokuwa ikitumia kutwa nzima: muhogo wa nazi, magimbi, maboga, tambi, uji wa pilipili manga, kaimati, samaki wa kuchoma, tende, matunda, na kwa kuwa mji mzima unavitaka vitu hivyo kwa saa moja ile ile, bei hupanda, na fungu la ndizi la mwezi uliopita haliulizwi tena. Basi mwenye nyumba hufika mwezi ishirini mkoba ukiwa mwepesi, na hapo ndipo watoto wanapoanza kuuliza habari za nguo.

Tuseme mtu huyu mshahara wake ni shilingi 400,000 kwa mwezi, na sikukuu inamtaka 300,000 ambazo hana. Milango iliyo mbele yake ni mingi, na takriban yote ina miiba. Kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 10,500 juu ya fedha zile. Lakini mlango huo unataka dhamana na karatasi, na sikukuu imebakiza siku tano. Hivyo huishia kwa wale ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina la kausha damu, na miongoni mwao wapo wanaotoza asilimia 20 kwa mwezi na kuzidi. Kwa kiwango hicho riba peke yake ni 60,000 kila mwezi, na ile 300,000 ingali imesimama palepale haijatikisika.

Sasa tazama kalenda. Kutoka Shawali mosi hata mwezi kumi wa Dhulhijja, inapoingia Idd ya Kuchinja, hazifiki siku sabini. Mwiwa wetu atakuwa amekwisha toa 120,000 za riba, deni lake liko zima, na watoto wale wale wanauliza nguo nyingine. Je, atawajibu nini? Aghalabu huwajibu kwa mkopo wa pili, na kwa mkopo huo hulipia sehemu ya ule wa kwanza, na tangu hapo hajui tena anakula jasho la mwezi gani. Kukopa harusi, kulipa matanga: methali hiyo waliitunga watu waliowaona wenziwao wakipita njia hii kwa miguu, seuze sisi tunaoipita kwa kidole.

Na hao wa simu wana mambo yao. Mikopo mingi ya mitandao ya simu hujilipa yenyewe, kwa maana fedha yoyote iingiayo hukatwa kabla mwenyewe hajaigusa, iwe ni ujira wake au ni fedha aliyotumiwa na dada yake ya kumpeleka mama hospitali. Programu zisizokuwa na leseni zimefanya mabaya zaidi: mtu anapojiandikisha huombwa ruhusa ya kusomwa majina yote yaliyomo katika simu yake, naye hukubali kwa kuwa ana haraka, na akichelewa kulipa ujumbe hupelekwa kwa mkwe wake, kwa mwajiri wake, kwa mwalimu wa mtoto wake, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila ya idhini. Ni jambo jema, walakini wanaotaka fedha usiku wa mwezi ishirini na saba hawasomi orodha.

Kuna na jingine ambalo kwa Mwislamu lilistahiki kutangulia yote. Mtu amefunga siku ishirini na tisa au thelathini, amejizuia na halali, na chakula chake mwenyewe kilichomo nyumbani mwake, kwa ajili ya kumtii Mola wake. Kisha siku ya kufungua anakwenda kuifungua kwa riba. Sijui ni hoja gani atakayoileta mtu ya kulihalalisha jambo hilo. Anayekufa njaa tutamtafutia dharura, lakini mapazia hayana dharura.

Krismasi nayo ina mtego wake, nao ni mshahara. Waajiri wengi hutoa mshahara wa Disemba mapema, kabla ya sikukuu, na hufanya hivyo kwa nia njema. Lakini fedha iliyotolewa tarehe 20 italazimika kuilisha nyumba hata mwisho wa Januari, siku arubaini na zaidi, na katikati ya siku hizo shule hufunguliwa. Karo, sare, viatu, madaftari, nauli ya mtoto wa bweni: yote humngoja mzazi mlangoni akishuka kwenye basi la kutoka Moshi. Wangapi wameuza mbuzi wa Krismasi ya mwaka unaofuata ili kulipa ada ya mwaka huu?

Mchelea mwana kulia

Nikisema haya mbele ya wazazi wenzangu hujibiwa kwa neno moja: watoto. Baba yuko radhi yeye avae kanzu ya miaka mitano, lakini hawezi kustahimili kumwona mwanawe amejitenga pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja huku wenziwe wanabembea. Jawabu hilo nalistahi, kwani linatoka moyoni, na mwandishi anayelipita kwa haraka hajapata kulea.

Lakini nimezungumza na fundi mmoja wa nguo wa mtaani petu, mtu wa makamo ambaye cherehani yake imekaa barazani miaka mingi, na katika mwezi wa Ramadhani hulala hapo hapo juu ya vitambaa vya watu. Aliniambia kwamba taabu yake si watoto. Mtoto huja, hupimwa, huuliza kama kanzu yake itakuwa na mfuko, basi, amekwisha ridhika. Anayerudi mara tatu ni mama, kwamba binamu yake fulani kamshonea mtoto nguo ya tarizi, na hii yetu nayo itiwe tarizi, na kama itakuwa zaidi ya bei tuliyopatana, "fundi wangu nivumilie, nitakulipa baada ya sikukuu." Na yule fundi, ambaye naye ana watoto na ana duka la uzi linalomdai, hukubali, kwa sababu naye anaona haya kumkatalia mteja wa siku zote. Nikamuuliza wangapi humlipa baada ya sikukuu. Akanyanyua kitambaa kilichokuwa kimefunika kikapu kilicho nyuma yake, akanionyesha nguo za Idd iliyopita, zimekunjwa, zina vikaratasi vya majina vilivyobandikwa kwa pini, hazikuja kuchukuliwa hata moja. Nguo ya mtoto wa miaka sita iliyokaa mwaka mzima kikapuni haitamfaa tena aliyeshonewa.

Mtoto huambiwa. Wazee wetu walijua kumwambia mtoto, tena kwa heshima, kwamba mwaka huu tuna hiki na hatuna kile, na mtoto aliyeambiwa hivyo mapema, katika mwezi wa Rajabu au Shaaban, huizoea habari na huingia nayo katika sikukuu bila ya huzuni. Huzuni humpata yule aliyeahidiwa hata usiku wa mwandamo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kilio cha mzazi hakiishi kwa pipi. Wako watoto waliorejea kutoka skuli wiki sita baada ya Idd wakakuta godoro, televisheni na jiko la gesi vimebebwa na wadai mchana kweupe, majirani wakitazama. Aibu hiyo, na ile ya kuvaa kanzu ya mwaka jana, ipi itakayomkaa mtoto zaidi?

Niwakumbuke pia jamaa zetu walioko Muscat, Dubai, na London, ambao kila mwezi ukiandama hupokea ujumbe wa "ya sikukuu". Baadhi yao, ambao kwetu huonekana matajiri, huituma fedha hiyo kwa kuikopa huko waliko, na wakaona haya kusema. Anayeomba na ajiulize kwanza.

Kibubu na wenzake

Mwaka wa Kiislamu una siku 354, au 355. Mtu akiweka shilingi 1,000 kila siku tangu sikukuu hii hata sikukuu ijayo, atakuwa na 354,000, na lile deni la 300,000 halikuzaliwa. Najua ipo nyumba ambayo hiyo elfu moja ni unga wa asubuhi. Nyumba hiyo na iweke mia mbili, na itapata 70,800, ambazo zitainunulia pishi zake za zaka, kilo kadhaa za mchele na nyama ya siku mosi, bila ya kumwamkia mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Chombo kongwe cha kazi hii ni kibubu. Seremala hukiunga kwa vipande vya mbao vilivyobaki, akakipigilia misumari pande zote, akaacha juu mfano wa ufa unaopitisha noti iliyokunjwa mara mbili; hakina mlango wala ufunguo, na atakaye kilichomo sharuti akivunje. Fadhila yake yote imo katika hilo la kuvunjwa, kwa maana anayekivunja kabla ya wakati hawezi kukificha alichokifanya. Aibu zake nazo ni za kweli: mwizi hukibeba chini ya kwapa, mchwa huingia, na noti zilizolala mwaka mzima hununua kidogo kuliko zilivyonunua zilipotumbukizwa. Kwa hiyo anayetumia kibubu na akivunje mara mbili kwa mwaka, na kila mara akigeuze kilichomo kiwe kitu. Mchele hununuliwa baada ya mavuno, kitambaa hununuliwa Rajabu wakati wenye maduka wanawabembeleza wateja, na fundi huambiwa aache pindo la vidole vinne kwa mtoto anayekua. Nguo ile ile, kwa mkono wa fundi yule yule, hugharimu pungufu katika Rajabu kwa sababu fundi ana nafasi na mnunuzi hana haraka. Abiria wa Disemba naye na akate tiketi yake wiki kadhaa kabla, kwa nauli iliyopangwa na mamlaka, asije akaangukia kwa wapiga debe.

Upatu ni bora kuliko kibubu kwa wale wanaoaminiana, kwani fedha haikai hata siku moja ikilala. Linalotakiwa ni kuzungumza na kijumbe tangu mwanzo ili zamu ya mwenye watoto wengi iangukie Shaaban. Kuhusu vikoba nina neno la hadhari. Vimewainua wanawake wengi, na mgao wa mwisho wa mwaka umejenga vyumba na kusomesha watoto. Lakini kikoba hukopesha pia, na nimewaona wanaoingia kwa kuweka akiba wakatoka wakiwa wadaiwa wa vikoba vitatu, kimoja kikilipia kingine. Mwanamke huyo aghalabu hamwambii mumewe, kama mume naye asivyomwambia habari za simu yake, na wawili hao hulala kitanda kimoja kila mmoja ana wadai wake, na kila mmoja anamhesabia mwenzake fedha ambazo hazipo. Nyumba isiyoweza kukaa mume na mke jioni moja wakawekeana wazi wanachodaiwa, haitaokolewa na kibubu wala upatu. Na aliyekwisha kopa sikukuu hii, na aende kwa mwia wake kabla ya Dhulhijja haijaandama, aombe muhula, apange kiasi cha kulipa na akitimize, na Idd ya Kuchinja aipokee kwa takbiri, swala na sahani ya wali.

Kalenda yenyewe inatupa notisi ya mbali. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, Idd ya kufungulia hurudi nyuma, na kila baada ya miaka thelathini na kitu huangukia mara mbili katika mwaka mmoja wa jua. Ilikuwa hivyo mwaka 2000, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Kwa hesabu za wanajimu itakuwa hivyo mwaka 2033, takriban tarehe 2 Januari na tarehe 23 Disemba, siku mbili kabla ya Krismasi, na baada yake shule kufunguliwa. Katika miaka hiyo nguo, safari, karo na mshahara uliotolewa mapema vitakutana mlango mmoja. Mtoto anayeanza skuli siku hizi atakuwa angali mikononi mwa wazazi wake mwaka huo.

Nani ataanza?

Limebaki swali ambalo ndilo gumu kuliko hesabu zote. Kila mtu hukubali kwamba ada hizi zimetuzidi, na kila mtu hungoja mwenziwe aanze. Maskini hawezi kuanza. Akipunguza yeye, watu hawatasema kwamba amekuwa na busara, watasema ameshindwa, na neno hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza hata akaingia kwa wakopeshaji. Ada huwekwa na wenye nacho, wengine wakaifuata kwa mbio na kuanguka njiani. Na aliyeiweka ndiye peke yake awezaye kuishusha bila ya kudhalilika.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa shangazi mwenye duka, kwa mjomba mwenye cheo, kwa kaka aliyerudi kutoka Uarabuni, kwa yule ambaye ukumbi wake ndio jamaa wote hukutania siku mosi. Wewe ukivaa kanzu ya mwaka jana iliyopigwa pasi, ndugu yako mdogo atapumua. Waite watu wa ukoo mkae shauri, mkubaliane kwamba sare hakuna, kwamba mkono wa sikukuu wa watoto utakuwa kiasi kimoja katika nyumba zote, ya tajiri na ya maskini, na kwamba siku ya pili chakula kitapikwa nyumba moja, huyu akaleta mchele, huyu kuku, huyu nazi na kuni, na asiye na kitu akaja na mikono yake ya kupikia. Ng'ombe wa udhhiya muandikiane watu saba, na kila mmoja ajue fungu lake ni kiasi gani. Mashauri hayo yafanywe katika Rajabu, kabla ya kitambaa cha kwanza kukatwa.